Alama ya Msumari

Juni 9, Jumanne

Mtihani wa mwisho niliufanya Ijumaa, na jana nimerudi nyumbani na sanduku langu la bati. Daftari hili ni la kemia ya mwaka wa tatu. Nimeligeuza nianze kuandika kutoka nyuma, kwa sababu kurasa nyingi zimebaki na Nana hapendi kitu kitupwe kikiwa nusu.

Nyumbani tuko watatu: Nana, ambaye ni mama wa mama yangu, Mjomba Kabenla, mwenye shamba la mpira, na mimi. Mama anauza mitumba Takoradi. Anayegema miti ya Mjomba ni Mama Akasi, mjane wa nyumba ya pili, naye hupata theluthi ya kila kinachouzwa. Sauti yake inafika mahali kabla yake. Leo aliponiona tu akapaza, "Jamani, mkemia wetu karudi! Njoo nikuone. Mbona umekonda, huko shuleni mlikuwa mnakula chaki?"

Uani wote wakacheka. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Juni 10

Mvua.

Juni 11

Mvua. Nana amechachusha mihogo ya kupikia akyeke na nyumba nzima inanuka uchachu. Napenda harufu hiyo. Najua hata jina la asidi iliyomo, lakini hakuna wa kumwambia.

Juni 13

Nimeenda shambani na Mama Akasi. Alinilazimisha. "Ukikaa ndani utaota uyoga," alisema.

Anagema kukiwa bado na ukungu. Kisu kinapita kwenye gome mara moja, kinaacha mfereji mwembamba ulioinama, na utomvu mweupe unashuka hadi kwenye kikombe kilichofungwa kwa waya. Hagusi mti mara mbili. Huku akifanya hivyo anazungumza bila kukoma: padri anavyokoroma, Kwao Blay wa kuchaji betri anavyodhani ni mzuri, goti lake linavyomjulisha mvua ya mchana. Nilikuwa nikitamani anyamaze. Wagemaji wa shamba la jirani walikuwa wanasikia kila kitu.

Vikombe vikijaa anatia asidi ili utomvu ugande uwe donge. Bila hiyo, mvua ikinyesha mchana inajaza vikombe na kazi yote inamwagika chini. Asidi yenyewe ni ile ya fomiki, ambayo hata siafu wanayo, ndiyo maana wakikuuma unawaka. Hapa wanaiita dawa. Kila mgemaji ana ndoo iliyokwaruzwa kwa msumari kwa ndani, karibu na chini. Unatia dawa hadi kwenye alama ya msumari, halafu unachota maji ya kijito kwa kibuyu na kujaza hadi mdomoni. Hivyo ndivyo alivyofanya marehemu mumewe, na baba wa mumewe.

Niliiona alama ile. Naandika hapa kwamba niliiona.

(Sentensi hiyo ya mwisho nimeiongeza leo, Juni 23.)

Juni 15

Mvua.

Juni 18

Mto umepanda na kuondoka na daraja la mbao. Magari ya kutoka Axim hayafiki. Chumvi imeisha dukani, na dawa imeisha kwa wagemaji wote. Mama Akasi alitia ndimu kwenye vikombe kumi kujaribu. Iliganda kidogo, ikawa kama maziwa yaliyolala, kisha mvua ikaja ikasomba yote. Alirudi amelowa.

Juni 20

Nimefundisha leo! Naiandika yote.

Mama Akasi alikuja kumsaidia Nana kumenya mihogo. Nana alipokwenda kuchota maji, akasogeza kigoda chake karibu na changu.

"Profesa, nikuulize kitu cha shuleni. Kwao Blay ana galoni la maji makali, yale mazito anayopunguza kwa ajili ya betri. Anasema na hiyo ni asidi. Ni kweli, au ananitaka tu?"

"Ni kweli," nikasema.

"Sema nisikie, mwanangu. Umemeza pamba?"

"Ni kweli. Ni asidi."

"Kama hii yetu?"

Akaacha kumenya, akanitazama. Sikumbuki ni lini mtu mzima aliniuliza kitu huku akisubiri jibu kweli. Nikamweleza. Nilisema tofauti ni asili tu. Yetu ni ya kikaboni, inatoka kwa viumbe, kama siafu na ndimu na siki na hii mihogo ya Nana. Ile ya betri ni ya madini, inatengenezwa kwa kiberiti kinachochimbwa ardhini, haina kaboni ndani yake. Lakini zote zina haidrojeni, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Asidi ni asidi.

"Kwa hiyo itagandisha."

"Itagandisha."

Akapiga paja lake. "Tazama mtoto huyu! Miaka yote anapita hapa kama kivuli, kumbe ana maktaba kifuani."

Asidi ni asidi. Nadhani nilisema vizuri. Mwalimu Amihere wa kemia angefurahi.

Juni 21

Kanisani Mama Akasi alinikonyeza wakati wa mahubiri. Nimekuwa na furaha siku nzima.

Juni 23, Jumanne

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanza na asubuhi.

Hakukuwa na mvua. Nilikuwa kijitoni nafua mashuka ya Nana, kando kidogo ya shamba la mpira. Nilimsikia Mama Akasi akiimba, nikamsikia akiacha kuimba, kisha nikasikia sauti ambayo sikujua kwamba ni yake.

Nilipofika alikuwa amepiga magoti. Ndoo ilikuwa imesimama wima, inatoa moshi. Kibuyu kilikuwa kando, kimepasuka. Mkono wake wa kulia alikuwa ameunyoosha mbali na mwili kama kwamba si wake, na upande wa kushoto wa uso aliufunika kwa kiganja. Wanaume wawili wa shamba la jirani walikuwa wameshafika. Mmoja alikuwa na mawese kwenye chupa ya chakula chake, anampaka. Mwingine anasema, "Mpake zaidi, mpake na jichoni."

Nilijua. Mwalimu alituambia: asidi ikikumwagikia ni maji, maji mengi, maji ya kutiririka, na haraka. Kijito kilikuwa hatua arobaini.

Nikasema, "Maji."

Hakuna aliyegeuka. Nikasema tena. Nilijisikia mwenyewe nikisema, na sauti ilikuwa ileile ninayotumia kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Wale wanaume walikuwa wakubwa, nami sijawahi kumkatiza mwanamume mkubwa. Nilisimama pale na shuka la Nana limening'inia mkononi, linadondosha maji, na yule mtu akaendelea kupaka mafuta.

Nana ndiye aliyefika akihema, akaona midomo yangu ikisogea. "Umesema nini?"

"Maji, Nana. Mengi."

Nana ana miaka sabini na mitatu. Alipaza sauti hadi ndege wakaruka. "Mtoto anasema maji! Mko viziwi? Mbebeni mpelekeni kijitoni!" Wakambeba. Wakamzamisha mkono, wakammwagia usoni kwa mikono yao, muda mrefu, hadi akaacha kupiga kelele na kuanza kutetemeka.

Kutoka niliposema maji mara ya kwanza hadi alipoyapata ni muda gani? Nimejaribu kuhesabu. Ni mrefu.

Wamemvusha mto kwa mtumbwi kumpeleka hospitali. Kabla hawajamwinua, jicho lake zima lilinitafuta, likanipata.

Nimerudi na kugeuza daftari upande wa mbele. Ukurasa wa kumi na tisa, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wangu mzuri: *Asidi ya salfa iliyo kali huyatamani maji. Itie asidi ndani ya maji polepole huku ukikoroga. Kamwe usitie maji ndani ya asidi, kwani joto linalotoka huyachemsha mara moja na kurusha kila kitu.* Chini yake Mwalimu ametia alama ya vema. Hata kwenye mtihani ilikuja, swali la saba, na nililijibu.

Alitia maji makali hadi kwenye alama ya msumari. Kisha akachota kibuyu cha maji akamimina juu yake, kama siku zote.

Shuleni kwetu hakukuwa na maabara. Asidi sijawahi kuiona. Mwalimu aliichora ubaoni kwa chaki ya bluu, ndani ya chupa nzuri.

Juni 24

Siwezi.

Juni 26

Mjomba alizungumza wakati wa chakula.

"Ni tamaa ile. Alitaka kumaliza safu zake kabla ya mvua, achukue theluthi yake. Dawa hakuna, si usubiri kama wenzako? Nani alimtuma kwa Kwao Blay?"

"Mgonjwa hahukumiwi," Nana akasema.

"Simhukumu. Nauliza tu nani alimtuma."

Mimi nilikuwa nimeshika tonge. Nikalila. Nikala na lililofuata.

Juni 29

Mvua. Kwao Blay amefunga kibanda chake na kwenda kwa shemeji yake. Watu wanasema alimuuzia sumu. Hakumuuzia sumu. Alimuuzia alichoomba.

Julai 3

Mvua.

Julai 12

Mama Akasi amerudi. Mkono wa kulia umefungwa hadi kwenye kiwiko. Jicho la kushoto limefungwa pia, na daktari amesema litaona mwanga na giza tu, hakuna zaidi. Nana alinipa bakuli la mchuzi wa chikichi nimpelekee. Nilisimama nje ya mlango wake hadi mchuzi ukaanza kupoa.

"Ingia, wewe unayepumua kama mbuzi."

Nikaingia. Nikaweka bakuli chini. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

"Watu wananiuliza," akasema yeye. "Hospitali waliniuliza, mjomba wako amekuja kuniuliza. Nimewaambia nilijiamulia mwenyewe."

"Mama Akasi, mimi ndiye…"

"Shh. Matokeo yako yametoka?"

"Bado."

"Basi. Mji huu nakaa miaka thelathini. Wakishakupa jina, hata uje na taji kichwani watakuita hilohilo. Subiri matokeo yako. Halafu ndoo niliishika mimi, si wewe. Nilishe huo mchuzi, huu mkono wa kushoto unanimwagia kila kitu kifuani kama mtoto."

Nilimlisha. Kila kijiko alikifuata kwa jicho moja. Nilikuwa namwona mwanamke wa kelele. Sijui nilikuwa natazama wapi.

Julai 13

Alinipa njia ya kutokea na mimi nimepita. Hiyo ndiyo kweli ya jana, na sikuiandika jana.

Julai 19

Mjomba amekwenda kwa Mama Akasi akachukua kisu cha kugemea. Alikishika mkononi akipita uani, kimefungwa kwenye gunia. "Miti haiwezi kusubiri mkono upone," alimwambia Nana. "Na mtu akishacheza na mali yangu mara moja, atacheza tena. Baada ya sikukuu ya Kundum nampa Ezoah kazi."

Nana akamwambia, "Kisu kile mumewe ndiye aliyekinoa miaka kumi na saba."

"Namheshimu marehemu. Miti ni yangu."

Julai 28

Mvua kubwa, pengine ya mwisho. Daraja limeanza kujengwa.

Agosti 5

Leo nimejaribu kwa Mjomba. Alikuwa anarekebisha redio, kazi inayomtuliza. Nikasimama mbele yake.

"Mjomba, ile asidi ya betri…"

"Ee?"

"Si kama dawa. Si kwamba dawa ni ya upole, nayo huunguza ikiwa nzito. Lakini ile nyingine ina njaa ya maji. Mtu asiyejua hawezi kujua."

"Hayo ndiyo ukamwambie Akasi," akasema, akainua bisibisi. "Nashukuru hata wewe unaona alivyofanya upumbavu."

Nikasema, "Ndiyo, Mjomba."

Nimeandika maneno hayo mawili ili nisije kujidanganya kwamba nilinyamaza tu.

Agosti 11

Jua. Miti ya Mjomba haijagemwa wiki saba. Vikombe vimejaa maji ya mvua na viluwiluwi.

Agosti 27

Matokeo yametoka. Kemia: A.

Nana alicheza uani na kanga yake ikamdondoka. Mjomba, ambaye hajawahi kunigusa tangu nilipokuwa mtoto, aliweka mkono kichwani pangu na kusema, "Huyu ni damu yetu." Walikuja watu nisiowajua. Kila mmoja alikuwa anasema, kemia, kemia.

Niliingia chumbani nikajifunika.

Agosti 28

Asubuhi Mama Akasi ameniletea eto, viazi vikuu vilivyopondwa kwa mawese na mayai mazima juu yake, kama anavyofanyiwa mtu aliyepata jambo kubwa. Hakumtuma mtu. Amekuja nayo kichwani, anatembea ameinamisha shavu upande mmoja ili aone njia.

"Mabonge yamo, usinicheke," akasema. "Jaribu wewe kuponda viazi kwa mkono wa kushoto."

Matokeo yametoka. Alisema nisubiri hadi yatoke. Nilimtazama, naye alinitazama, na nilijua sote wawili tunalikumbuka hilo. Hakulitaja. Akaketi na Nana, wakazungumza juu ya bei ya samaki.

Nilikula mayai yote. Sikuweza kula na sikuweza kuacha.

Septemba 5

Wiki ijayo ni Kundum. Kundi la waimbaji linafanya mazoezi nyuma ya karakana ya Nyameke seremala. Kila mtu anajua, na kila mtu anajifanya hajui. Wiki hiyo wanaweza kumwimba yeyote, hata chifu, kwa lolote alilofanya mwaka mzima, na hakuna wa kuwashtaki wala kuwajibu. Aliyeimbwa ameimbwa. Mwaka juzi walimwimba katibu wa kanisa aliyepunguza kikapu cha sadaka, na hadi leo watoto wanamwita Nusu Kikapu.

Nilipita na ndoo kichwani alasiri. Nikasikia ngoma ndogo, kisha:

*Akasi, Akasi, mchuzi gani huo?*
*Umepika mkono, umekaanga jicho,*
*theluthi haikukutosha,*
*umeomba chungu kizima.*

Wakacheka. Mmoja akasema, "Hapo kwenye jicho tuvute, *jiiicho*." Wakarudia.

Septemba 6

Nimekwenda hadi kwenye kona ya karakana. Nimerudi.

Septemba 7

Nimekwenda hadi kwenye kona. Nimerudi. Mvua ndogo.

Septemba 8

Nimemuuliza Nana kama mtu anaweza kuondolewa kwenye wimbo. Akaendelea kukamua mihogo. "Wimbo hauondolewi," akasema. "Labda ukweli wake ukiwa kwa mwingine." Kisha, bila kuniangalia: "Siku ile kijitoni, uliyajuaje maji upesi hivyo?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimeketi sakafuni, naye akaendelea kukamua, na yale maji machachu ya mihogo yakawa yanadondoka kwenye beseni. Mwisho akapangusa mikono.

"Mjomba wako nitamwambia mimi, ukitaka."

Nilitaka. Mungu anajua nilivyotaka.

"Hapana, Nana," nikasema.

Septemba 9

Leo sikusimama kwenye kona kwa sababu nilijua nikisimama nitarudi.

Walikuwa tisa, wameketi juu ya mbao. Ngoma ikanyamaza. Nyameke ni mtu mnene mwenye penseli sikioni. "Wewe, Afiba wa kwa Kabenla, hapa si mahali pa wasichana. Umetumwa?"

"Sikutumwa."

"Anasema nini?" akauliza mmoja wa nyuma.

"Sikutumwa!" Sauti ikatoka kubwa mno, wakashtuka, hata mimi. Nikashindwa kuirudisha, kwa hiyo nikaendelea nayo hivyohivyo. "Wimbo wenu wa Mama Akasi ni wa uongo. Hakuwa na tamaa. Aliniuliza mimi kama maji ya betri ni sawa na dawa, nikamwambia ni sawa. Nilijua maji hayatiwi juu yake. Nilikuwa nimesoma. Niliiona ndoo yake, niliiona alama ya msumari, nilijua anavyochanganya, sikumwambia. Sikukumbuka kumwambia kwa sababu nilikuwa nafurahia kuulizwa."

Hakuna aliyecheka. Yule wa nyuma akasema polepole, "Yesu."

"Sisi hatumwimbi mtoto wa shule," Nyameke akasema.

"Nimemaliza shule."

Akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Unajua ukishaimbwa hakuna kurudi? Utaolewa na wimbo huo. Utazaa nao."

"Najua."

"Na yeye mwenyewe, Akasi, amekutuma?"

"Yeye ndiye aliyenificha."

Wakaangaliana. Yule wa nyuma, ambaye sasa nilimtambua, alikuwa yule mtu wa mawese. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Alisema maji," akawaambia wenzake. "Siku ile. Nilimsikia, nikadhani ni mtoto tu."

Nyameke akaniambia nirudi nyumbani.

Septemba 10

Mjomba amempelekea Ezoah ujumbe aje Jumatatu ya tarehe 21 kuchukua kisu.

Septemba 13, Jumapili

Kundum imeanza. Ngoma zimelia tangu asubuhi. Sijui kama wataimba wimbo wa zamani au mpya. Sijui ninaogopa upi zaidi, ingawa ninapaswa kujua.

Septemba 16

Wamekuja uani kwetu leo saa nne. Wamejipaka chokaa nyeupe, na nusu ya mji iko nyuma yao. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mikono na chupa ya kuwakaribisha mezani. Mama Akasi alikuwa amesimama na wanawake karibu na mlango wa jiko. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Alidhani wamemjia yeye, naye alikuwa amejiandaa, ameinua kidevu.

Nyameke akapiga ngoma mara tatu.

*Profesa wetu kasoma, kasoma kamaliza,*
*asidi kaijua kwa chaki ya ubaoni.*
*Asidi ni asidi, alisema Afiba!*
*Mkono wa mwenzie ndio daftari lake.*

*Alama ya msumari aliiona, e!*
*Neno moja la maji alilibana, e!*
*Kabenla, mwenye miti, kisu umemnyang'anya nani?*
*Umepata A nyumbani, umeadhibu Akasi!*

Waliuimba mara tatu, ndio desturi. Mara ya kwanza sikusikia chochote ila jina langu. Mara ya pili nilisikia watu wakianza kuelewa, kama upepo unavyopita kwenye majani ya mpira kabla ya mvua. Mara ya tatu watoto walikuwa wameshakariri. *Asidi ni asidi, alisema Afiba!*

Mjomba hakusogea. Aliyeimbwa hana ruhusa ya kujibu, na yeye pia alikuwa ameimbwa. Alinitazama kwa uso ambao sitausahau. Haukuwa na hasira, na ningependa ungekuwa nayo.

Nilitaka kukimbilia ndani. Mlango ulikuwa hatua tatu. Ndipo kitu kikanishika kiwiko: mkono wa kushoto, mgumu kama mpini.

"Aliyeimbwa hucheza," Mama Akasi akaninong'oneza. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa jicho zima na lile bovu pia. "Mjinga wewe. Mjinga kabisa. Nilikwambia ndoo niliishika mimi. Cheza, wasikuone umesimama."

Sijui kucheza. Nilicheza.

Septemba 17

Watoto wananiita Asidi. Wadogo kabisa, wasiojua hata maana yake.

Septemba 18

Mjomba hajanisemesha. Anakula chumbani.

Septemba 20

Kundum imekwisha. Jioni Mjomba ametoka na gunia, akalifungua mezani. Kisu kilikuwa na kutu kidogo kwenye ncha. Akaniambia bila kuniangalia, "Kinoe." Nikakinoa, naye alikaa pembeni hadi nikamaliza, akajaribu makali kwa ukucha, akanirudishia ninoe tena.

Kisha akasema, "Mkono wake wa kulia haufungi vidole. Hawezi kugema peke yake. Hadi utakapoitwa chuo, wewe ni mkono wake. Theluthi ni yake yote."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ezoah nimemwambia asije." Akasimama kuondoka, akasita. "Siku ile, nikiwa na redio. Ulikuja kuniambia."

"Nilikuja, nikaishia katikati."

"Ee," akasema. "Na mimi nilikusaidia kuishia."

Septemba 21, Jumatatu

Tulifika kukiwa na ukungu. Mama Akasi ananionyesha kwa kidole cha kushoto, nami nakata. Mti wa kwanza nimeukata kwa kina mno, akanipiga kofi la bega. "Unagema au unachinja?" Wa pili ulikuwa na nafuu. Kufikia wa kumi utomvu ulikuwa unafuata mfereji.

Dawa imepatikana sasa, galoni mpya kutoka Axim. Alinisogezea ndoo. Nikatia maji kwanza, maji ya kijito, kisha dawa juu yake polepole nikikoroga kwa kijiti. Hiyo yetu haina hasira ya namna ile, ingevumilia hata kinyume. Lakini nimefanya hivyo. Mama Akasi alichukua msumari, akakwaruza alama mpya karibu na mdomo wa ndoo, mahali pa kukomea maji. Ile ya zamani ya mumewe hakuifuta.

Kulikuwa na jambo moja. Nilikuwa napita kati ya safu kwa mwendo wangu wa siku zote, na mara mbili aligeuka ghafla tukagongana, na mara ya pili kikombe kikamwagika.

Akasimama akihema. "Sikiliza, Afiba. Upande huu sikuoni. Ukija kwa kushoto kwangu kimyakimya kama paka, siku moja nitakukata pua. Uwe unasema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema upo. Na sema nisikie."

Tuligema safu sita. Wagemaji wa jirani walikuwa wanasikia kila kitu, na mmoja aliitikia kwa mbali *asidi ni asidi*, wenzake wakacheka, nami uso ukaniwaka. Lakini nilikuwa nimeshafika mti unaofuata, upande wa kushoto.

"Nipo, Mama Akasi," nikasema. "Nipo hapa."

"Sijasikia!"

"Nipo hapa!"